Mjumbe Hauawi: Taa ya Dizeli Inayorudi Kila Ikizimwa





Mwezi huu ukurasa wetu umepokea barua tatu, na zote tatu, ijapokuwa waandishi wake hawajuani, zinauliza jambo moja. Gari la familia, lile kubwa la viti saba linalotumia dizeli, limewaka taa ya njano mbele ya dereva. Fundi akaizima. Baada ya siku chache ikawaka tena. Fundi akaizima tena, pesa zikalipwa tena, na taa ikarudi kana kwamba hapana kilichofanyika.

Barua ya tatu ndiyo iliyotukosesha usingizi. Imeandikwa na mama ambaye familia yake haina muda mrefu tangu iwasili Uingereza. Gari lao walilinunua kwa ndugu wa jumuiya yetu hii hii, kwa kuaminiana, baada ya swala ya Ijumaa, bila ya karatasi nyingi. Siku ya kumi taa ikawaka na gari likaishiwa nguvu barabarani, watoto wamo ndani. Gereji ikawaambia kwamba kumbukumbu ya kompyuta ya gari ilikuwa imefutwa muda mfupi kabla ya kuuzwa. Mama huyu hadai pesa zake. Anauliza swali moja tu: je, ndugu yetu alijua?

Hatuwezi kulijibu swali hilo, kwani hatukuwapo. Lakini twaweza kueleza jinsi mtu anavyofikishwa hapo, kwa sababu sisi wenyewe tulikaribia kuwa muuzaji yule.

KISA CHETU

Mwaka 2022 tulinunua gari la dizeli lililotengenezwa mwaka 2016. Lilikuwa la kiwango cha Euro 6, na hilo ndilo lililotuvutia, kwa kuwa tunao jamaa wengi London, na gari la dizeli lisilofikia kiwango hicho hutozwa pauni 12.50 kwa siku likiingia katika eneo la ULEZ. Eneo hilo lilianza katikati ya jiji tarehe 8 Aprili 2019, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 limeenea katika mitaa yote ya London. Tulilipenda gari letu kwa nguvu zake na kwa kula mafuta kidogo. Hatukujiuliza kama kazi zetu zinalifaa. Shule ni maili mbili kutoka nyumbani. Madrasa ni maili moja na nusu. Msikiti na duka viko baina ya hapo.

Mwezi wa Novemba taa ikawaka. Fundi wa kwanza alichomeka kifaa chake, akaifuta, akachukua pauni 40. Taa ilirudi baada ya siku tisa. Gereji ya pili iliyachoma masizi ya chujio kwa amri ya kompyuta, tukalipa pauni 120, na amani ikadumu wiki tatu. Gereji ya tatu ilitupa njia mbili: chujio jipya kwa pauni 1,400, au kulitoboa lile la zamani na kuidanganya kompyuta ili isiulize tena, kwa pauni 300. "Kila mtu anafanya hivyo, kaka," tuliambiwa.

Usiku ule tulikaa mezani tukihesabu. Pauni 1,400 hatukuwa nazo. Ndipo mmoja wetu akatamka neno ambalo hadi leo twalionea haya: "Kwa nini tusiifute taa mara ya mwisho, tukaliuza?" Mwingine hakumkataza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kule kulikuwa ni nusu ya kukubali.

Kilichotuokoa ni kwamba asubuhi yake tulimpitia mzee wetu mmoja, aliyejifunza ufundi wa malori Mombasa na kustaafu katika karakana ya mabasi hapa Uingereza. Tulimwamkia, tukamweleza, tukamalizia kwa kusema, "Mzee, taa hii imetushinda."

Akacheka. "Wanangu, haijawashinda. Huyu ni mjumbe. Kila akibisha hodi nyinyi mnampiga kofi. Mjumbe hauawi. Muulizeni ametumwa na nani."

WALINZI WATATU WA MOSHI

Ili tuelewane, yafaa kwanza kujua ni nini hasa kinacholindwa. Moshi wa dizeli una madhara makubwa mawili. La kwanza ni masizi, chembe nyeusi ndogo mno zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. La pili ni hewa ziitwazo oksidi za naitrojeni, zinazowasha koo na kifua. Magari ya Euro 6, yaliyokuwa ya lazima kwa magari yote mapya kuanzia Septemba 2015, aghalabu huwa na walinzi watatu.

Mlinzi wa kwanza ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Moshi huo hupunguza ukali wa joto la mwako, na joto likipungua, oksidi za naitrojeni nazo hupungua. Maradhi ya valvu hii ni kuganda masizi hata ikashindwa kufunguka au kufunga.

Mlinzi wa pili ni chujio la masizi lililomo katika bomba la moshi. Chujio hili hukusanya masizi, kisha huyachoma yenyewe yakageuka hewa. Gari likienda mwendo wa kasi kwa muda, joto la bomba peke yake huweza kufanya kazi hiyo. Lisipotosha, kompyuta huongeza dizeli kidogo ili bomba lipate joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Kazi hiyo huhitaji injini iliyokwisha pata moto na safari isiyokatizwa.

Mlinzi wa tatu ni dawa iitwayo AdBlue, ambayo ni yurea asilimia 32.5 na maji safi yaliyobaki. Hunyunyizwa katika bomba la moshi, na huko huzigeuza oksidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Si kila gari la dizeli lina mlinzi huyu, ila magari mengi makubwa ya miaka hii yanaye.

Walinzi hawa hutegemeana. Mmoja akiugua, aghalabu anayelalamika ni mwenziwe. Ndiyo sababu taa ya chujio huweza kuwaka na chujio lenyewe lisiwe na kosa lolote.

MASWALI YA MZEE

Mzee hakushika spana. Aliuliza kwanza: safari zenu ni za umbali gani? Tukamwambia. Akatikisa kichwa. Gari linaloendeshwa maili mbili mbili halipati moto. Kila likianza kuchoma masizi huzimwa, na dizeli iliyoongezwa kwa kazi ile hupenya ikaingia katika oili.

Akauliza la pili: oili imefika wapi? Tukachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, nayo ilinuka dizeli. Sisi tuliwahi kuiona, tukafurahi kwamba gari letu halili oili. Mzee alitueleza kwamba oili inayopanda yenyewe ni ya kuogopwa kuliko inayoshuka. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, haikingi vyuma vya injini wala turbo, na ikizidi sana injini huweza kuanza kuila oili yake yenyewe na kukataa kuzimika.

Akauliza la tatu: gari lina joto ndani? Hapo tukatazamana. Majira yote ya baridi mmoja wetu alikuwa akilalamika kwamba hita ni vuguvugu na watoto wanakwenda shule wakitetemeka. Mwingine akajibu kila siku kwamba hiyo ndiyo Uingereza. Mzee akawasha injini, akatwambia twende mzunguko wa nusu saa. Mshale wa joto haukufika katikati.

"Basi mjumbe ametumwa na themostati," akasema. Themostati ni kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke hadi injini ipate moto. Yetu ilikuwa imekwama wazi. Injini haikupata joto lake hata siku moja, na kwa kuwa haikupata joto, kompyuta ilikataa kuchoma masizi. Chujio la pauni 1,400 lilikuwa zima. Kilichougua ni kifaa ambacho, pamoja na ufundi, kilitugharimu pauni 95. Tukaongeza pauni 85 za oili mpya na chujio lake, kisha tukashika barabara ya M1 kwa dakika arobaini. Taa ilizimika, na safari hii ilizimika kwa haki.

Hatusemi kwamba kila gari lina ugonjwa wa themostati. La wengine litakuwa sensa ya presha ya chujio au mpira wake uliopasuka, la wengine nozeli inayovuja, la wengine valvu iliyoganda. Tunasema kwamba taa hutaja mahali palipouma, lakini haitaji kila mara kilichosababisha. Kununua kifaa kikubwa kabla ya kumtafuta msababishi ni kutwanga maji kwenye kinu, kwani chujio jipya nalo litaziba vile vile.

MAMBO YA KUFANYA TAA IKIWAKA

Kwanza, isomwe kabla ya kufutwa. Mtakeni fundi aandike namba za kosa zote katika karatasi, pamoja na tarehe na maili za gari, mkaiweke karatasi hiyo. Ikirudi namba ile ile mara mbili, hapo pana neno. Kifaa cha kusomea si ghali, na familia mbili tatu zaweza kuchangia kimoja.

Pili, ikiwa taa ya chujio imewaka peke yake, na gari bado lina nguvu zake, liendesheni katika barabara kuu kwa dakika ishirini au zaidi, kwa kasi ya maili 40 kwa saa kupita juu, kwa kufuata kitabu cha gari lenu. Hakikisheni mafuta hayapungui robo ya tangi, kwani magari mengi hukataa kuchoma masizi mafuta yakiwa kidogo. Ikiwa taa ya injini nayo imewaka, au gari limeishiwa nguvu, safari ndefu haitasaidia. Nendeni kwa fundi. Taa nyekundu ni amri ya kusimama.

Tatu, zijueni dalili za gari lililo katika kuchoma: injini hunguruma zaidi likiwa limesimama, pangaboi huendelea kuzunguka baada ya kuzimwa, na huwapo harufu ya moto. Mkiziona, na mkiweza, ongezeni mzunguko mmoja kabla ya kuegesha. Wala msiegeshe juu ya majani makavu.

Nne, oili iwe ile iliyotajwa katika kitabu cha gari. Magari haya hutaka oili maalumu yenye majivu kidogo. Masizi huungua, lakini majivu ya oili hayaungui. Hubakia ndani ya chujio maisha yake yote. Kwa hiyo chujio lililokwenda maili laki moja na zaidi huweza kuwa limefika mwisho wake kweli, na hapo husafishwa na wenye mitambo ya kazi hiyo au hubadilishwa.

Tano, kuhusu AdBlue. Haina mbadala: si maji, wala si dawa ya kienyeji iliyochanganywa uani. Msiimimine katika tangi la dizeli. Ikiingia humo kwa makosa, msiwashe gari hata kidogo, iteni fundi. Huganda baridi ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri, na ikidondoka huacha chumvi nyeupe inayoweza kuziba nozeli yake. Gari likianza kuhesabu maili zilizobaki, msilipuuze: hesabu ikifika sifuri na injini ikazimwa, haitawaka tena hadi kosa liondolewe. Familia moja tunayoifahamu ilizima gari kituo cha mafuta usiku wa manane, ikalala humo.

KUHUSU KULITOBOA CHUJIO

Sasa tuje kwenye ile njia ya pauni 300. Kisheria jambo liko wazi. Tangu Februari 2014, gari lililotengenezwa likiwa na chujio la masizi, kisha likakutwa halina, hushindwa ukaguzi wa mwaka wa MOT. Tangu Mei 2018 sheria imekazwa: gari lenye chujio likitoa moshi unaoonekana, wa rangi yoyote, limeshindwa. Taa ya injini ikiwaka katika gari la dizeli lililosajiliwa tangu Julai 2008, nalo pia limeshindwa. Kuliendesha gari lililoondolewa chujio kwaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000, na bima isiyoambiwa juu ya badiliko hilo yaweza kuyakataa madai siku ya ajali.

Lakini sheria si hoja yetu kubwa. Mwezi Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Na wengi wenu mnalikumbuka jina la Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na pumu na akaishi karibu na barabara ya South Circular huko Lewisham. Alifariki Februari 2013. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ya magari ilichangia kifo chake.

Sisi tuliposoma habari hiyo hatukuwaza London. Tuliwaza lango la madrasa saa kumi na moja jioni, magari yetu yamepangana, injini zinanguruma ili hita zisipoe, na watoto wanapita katikati, midomo yao ikiwa sawasawa na mabomba ya moshi. Kuna watoto wangapi pale wenye kipampu cha pumu mfukoni? Akina mama wanajua idadi. Chujio tulilotaka kulitoboa lilikuwa baina ya moshi wetu na vifua vyao.

Wapo watakaosema, basi gari litobolewe na kupelekwa nyumbani, ambako halitakaguliwa hivyo. Jibu letu ni kwamba mtoto wa Mombasa au wa Dar es Salaam naye ana mapafu mawili kama wa Birmingham.

KUUZA NA KUNUNUA

Kwa wanunuzi, tunashauri mambo matatu yasiyogharimu kitu. Historia ya MOT ya gari lolote husomwa bure katika tovuti ya serikali kwa namba ya gari; angalieni kama taa au moshi vimewahi kutajwa. Pili, pitisheni kidole ndani ya bomba la moshi likiwa baridi: gari lenye chujio zima huacha kidole kikavu na karibu safi, na kidole kikitoka cheusi tii, ulizeni. Tatu, mtakeni fundi achomeke kifaa na kuitazama kompyuta, kama imemaliza vipimo vyake vyote. Kompyuta iliyofutwa juzi huonyesha vipimo ambavyo havijakamilika. Kufanya hivi hakuvunji undugu. Ndugu mwenye gari safi atafurahi likitazamwa.

Kwa wauzaji, shauri letu ni moja. Gari letu tuliliuza mwaka 2024, kwa kuwa hatimaye tulikubali kwamba dizeli si ya safari za maili mbili; tukachukua la petroli, dogo na la zamani zaidi. Mnunuzi alikuwa kijana anayekwenda kazini maili 45 kila asubuhi kwa barabara kuu, safari ambayo gari lile ndiyo lililokuwa likiitamani. Tulimwekea mezani karatasi zote: namba za kosa, tarehe, risiti ya themostati, ile oili iliyopanda, na mara mbili tulizoifuta taa bila ya kuitibu. Akapunguza pauni 400 katika bei. Ziliuma, hatutasema hazikuuma. Lakini kila Ijumaa twakutana naye mlangoni, naye hutuamkia, nasi humtazama usoni.

Sasa twarudi kwa mama yetu. Kama ndugu aliyekuuzia gari anasoma ukurasa huu, na kama alijua, mlango haujafungwa. Hatakiwi kuhutubia mtu. Abishe hodi nyumbani kwako, akae, aseme, na mgawane gharama kama watu wa nyumba moja. Na kama hakujua, aje vile vile aseme hivyo, ili moyo wako utulie. Mzee wetu yuko tayari kulitazama gari lako Jumamosi yoyote baada ya adhuhuri, nasi tutakuja na kifaa cha kusomea. Huenda mjumbe wako naye ametumwa na kitu kidogo.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumzia unyevu na ukungu katika kuta za nyumba za kupanga, na nani mwenye wajibu wa kuuondoa. Barua zenu ziendelee kutufikia.

Wassalaam.